Sauti ya Pili ya Skaidra

Mei 3
Nimepanda viazi mistari minne. Mwaka jana mimi nilichimba na mke wangu Skaidra akadondosha mbegu nyuma yangu, akinigombeza kwamba mstari umepinda. Mwaka huu umepinda vilevile na hakuna wa kunigombeza.

Nimenunua daftari hili dukani kwa sababu ya tangazo la Benita wa maktaba. Ameandika kwamba Agosti, siku ya makaburi, watu wanapokusanyika makaburini kwa wafu wao, parokia itamkumbuka mshairi wetu Alma Rudzroga, miaka mia tangu azaliwe. Anayejua nyimbo zilizotungwa kwa mashairi yake aende maktaba, na kila mmoja apekue darini kwake. Chini ameorodhesha nyimbo tisa. Nimesoma orodha mara mbili, mkate kwapani. Wa kumi haumo, na mimi nimeusikia jikoni kwangu miaka arobaini na miwili.

Mei 5
Mvua. Korongo wamerudi kwenye nguzo.

Mei 11
Nimekwenda kwa Benita.

"Kumi?" Akavua miwani. "Mzee Arvils, mimi nimekwenda Riga mara mbili, nimefukua makabati ya nyaraka mpaka nimepata kikohozi. Ni tisa."

"Ni kumi. 'Usifunge mlango, ewe theluji, bado mmoja yuko njiani.' Skaidra alikuwa akiuimba akimenya viazi."

"Shairi nalijua, limo kwenye kile kitabu ambacho serikali ya wakati ule ilikiondoa madukani. Ila sijapata kusikia kwamba lina wimbo. Haya, niimbie."

Nikacheka. Kila mtu hapa anajua kwamba mimi siimbi. Nikiwa darasa la pili mwalimu alitangaza mbele ya wote kwamba dubu amenikanyaga sikio, yaani sishiki wimbo. Wazazi walipokuja shuleni niliagizwa nifungue mdomo tu bila kutoa sauti. Katika nchi hii asiyeimba husikitikiwa kidogo, halafu hukaa benchi la nyuma maisha yake yote. Mimi nimekaa huko, nimeshika makoti ya waimbaji.

"Basi daftari lake la kwaya liko wapi?" akauliza Benita.

"Chini ya mikono yake."

Hakunielewa.

"Aliomba nimwekee kwenye jeneza. Nimemwekea. Sikulifungua hata."

Akanimiminia kahawa bila kuniuliza kama nataka. Nimemwambia ninachotaka: siku ya makaburi jiwe la Skaidra litafunuliwa, na nataka wimbo ule uimbwe pale, na kwaya nzima. Akasema nikiupata, kiongozi wa kwaya, Madara, ataufundisha. Muda upo mpaka Agosti.

Mei 12
Mvua. Sikuzungumza na mtu.

Mei 20
Kwa Ludis, jirani yangu mfuga nyuki. Yeye aliimba besi na marehemu kaka yake aliimba teno, na katika nyumba ile hakitupwi kitu. Darini tumekuta madaftari yao mawili ndani ya mzinga mbovu. Ukurasa wa mwisho wa kila moja una maneno yale: Usifunge mlango, ewe theluji. Wimbo wa Mwalimu Sudmalis, majira ya baridi ya mwaka sabini na nne. Nilikaa chini kwenye vumbi.

Ludis akaimba. Ilikuwa mngurumo wa nota tatu tu.

"Siyo huo," nikasema.

"Wewe mzee huna akili. Hiyo ni besi. Sisi tunashika sakafu, wimbo wenyewe wanao soprano. Karatasi ilikuwa shida, kila mtu alinakili sauti yake peke yake. Nenda kwa Herta."

"Kwa nini hamkuuimba popote?"

Ludis alifuta vumbi kwenye jalada. "Tulifanya mazoezi Novemba mpaka Machi. Halafu ukaisha. Muulize Herta, nimesema."

Naandika hapa wazi kwamba Herta simpendi. Anakaa kilomita tatu kutoka hapa na hakuja kumzika Skaidra. Walikuwa marafiki tangu usichana, wakitembea wameshikana mikono, kisha ghafla hawasalimiani hata dukani. Nilipomuuliza Skaidra, alisema Herta ana mambo yake. Mwaka uleule akaacha kwaya, akasema amechoka.

Mei 28
Herta ana miaka themanini na tatu na mlango wake haufunguki zaidi ya kiganja.

"Dereva," akasema. Watu wote huniita Arvils. Nilimwendesha mwenyekiti wa shamba la pamoja miaka kumi na tisa, kazi halali, na yeye peke yake ndiye bado ananitupia jina hilo.

"Nautafuta wimbo wa Sudmalis."

"Ulikuwa na mke aliyeujua. Ungemuuliza yeye akiwa hai."

Mlango ukafungwa. Nilirudi kwa miguu, nikimtukana mpaka daraja la kinu.

Juni 2
Skaidra alikuwa na tabia moja ninayoikumbuka sana siku hizi. Akiimba jikoni alikuwa ananyamaza katikati, kisu kikiwa hewani, macho dirishani. Nikiuliza, "Una nini?" aliinua kidole nisimsumbue. Nilijua amekasirika nami kwa jambo fulani, nikatoka nje kupasua kuni. Nimepasua kuni nyingi kwa namna hiyo.

Juni 9
Nimekwenda tena. Sikugonga. Nilisimama nje ya ua wakati Herta anapalilia maharage, nikamwambia, "Nisikie mstari mmoja tu, nitaondoka."

Hakugeuka. Nilidhani hakunisikia. Kisha, mgongo ukiwa kwangu, akaimba mistari miwili. Sauti imechakaa lakini inashika njia. Wimbo mzuri, unapanda juu kwenye neno theluji, unashuka taratibu.

Lakini sio ule. Haufanani hata kidogo. Wa Skaidra haupandi popote, unazunguka mahali pamoja, unarudi, unasimama. Kwa hiyo Sudmalis alitunga wake, na Skaidra aliimba kitu kingine, pengine alijitungia mwenyewe. Nimechana karatasi niliyoandika majina ya waimbaji wa kuulizwa. Yeye tu ndiye aliyeujua, na yeye amekwenda nao.

Juni 10
Sikula.

Juni 17
Nimekata nyasi upande wa kisima. Mvua ikanyesha juu yake.

Juni 23
Mkesha wa kiangazi. Nilikusudia kubaki nyumbani, lakini majirani walipita wakiimba barabara nzima, wana mataji ya majani ya mwaloni, nikaona haya kuonekana dirishani. Nikabeba jibini langu nikaenda kwenye moto wa mkesha. Huku hakuna giza siku hii, kwa hiyo hakuna pa kujificha. Wote waliimba. Nilikaa na bia yangu, nikitikisa kichwa pale wanapotikisa.

Madara akaja kukaa karibu nami. Ana miaka ishirini na tisa na anaongea haraka kama anayewahi basi.

"Mzee Arvils, Benita ananiambia umekata tamaa."

Nikamweleza habari ya nyimbo mbili zisizofanana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama Skaidra aliimba sauti gani?"

"Ya pili."

"Alto." Akaweka kikombe chini. "Mzee wangu, wewe jikoni hukusikia wimbo. Ulisikia alto peke yake. Alto ukiitoa kwa wenzake haifanani na kitu."

Nikasema hapana, ule ulikuwa wimbo. Miaka yote hiyo!

"Kila nyumba hapa ina kosa hili," akasema. "Bibi yangu alifundisha watoto wake wote nyimbo za taifa kwa sauti ya pili. Mama yangu mpaka leo anaona wengine wote ndio wanakosea." Alicheka, lakini aliponitazama akaacha. "Basi tunazo besi, teno, na soprano ipo kwa Herta. Iliyokosekana ni alto, na wenye sauti hiyo wote wamekwenda. Naweza kuitunga kwa nusu saa, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Basi niimbie wewe. Duniani hakuna mwingine mwenye nayo."

Nilimwambia dubu amenikanyaga sikio. Nikaaga mapema.

Julai 1
Mvua siku ya tano. Nyasi zimeoza zilipolala. Nimejaribu kuimba zizini, ambamo hakuna mnyama tangu tuuze ng'ombe. Nikaona aibu mbele ya kuta.

Julai 10
Madara alikwenda kwa Herta kuomba soprano, akarudishwa na ujumbe kwamba Dereva aje mwenyewe. Nilikwenda nimevaa shati safi. Safari hii mlango ulifunguka wote na nilionyeshwa kiti, ila chai sikupewa.

"Unajua kwa nini haukuimbwa?" akaanza.

"Sijui."

"Machi, siku nne kabla ya onyesho, walikuja watu wawili kutoka wilayani. Kitabu walikuwa wamekiondoa, sisi tulidhani huku kijijini hawatajua. Lakini walijua jina la shairi. Walijua mstari wa pili, neno kwa neno. 'Huyo mmoja aliye njiani ni nani?' wakamuuliza Sudmalis. 'Yuko njia ipi? Ya Siberia, kwa wafungwa?' Wakamfanya achome nakala yake kwenye jiko la shule wakitazama. Kiangazi hakijafika akaondolewa ualimu, akawa anapokea maziwa kwenye kituo. Alikufa baada ya miaka saba na hakuandika nota nyingine."

Nilisema ni jambo baya sana. Nilikuwa namkumbuka Sudmalis na koti lake jeupe la maziwa. Tulikuwa tukisalimiana.

"Tulikuwa kumi na wanane," Herta akasema. "Mwenye mume anayemwendesha mwenyekiti alikuwa mmoja."

"Unataka kusema Skaidra aliwasaliti?"

"Skaidra simsemi. Nakuuliza wewe. Ulimwambia mwenyekiti?"

"Sikumwambia kitu!" Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Nikamwambia ni mwanamke mwenye roho ya siki, kwamba alimtenga mtu asiye na hatia, na kwamba hata kaburini hakumfuata. Alikiinua kiti. Nilitembea njia nzima mvuani nikiwa na haki yote upande wangu.

Julai 11
Hasira bado.

Julai 13
Nimekumbuka.

Nilikuwa nasafisha tu kioo cha dirisha, ikanijia. Ilikuwa barabara ya kwenda mji wa Madona, theluji inapiga kioo cha gari, mwenyekiti amekaa nyuma, amefurahi kwa sababu ya medali ya maziwa. Akauliza, "Mkeo anaendeleaje na kwaya?" Sikuwahi kuulizwa jambo la kwaya na mtu mkubwa. Nikasema wana wimbo mzuri ajabu. Na kwa kuwa theluji ilikuwa mbele yetu, na kwa kuwa nilitaka kwa mara moja nionekane nami mtu wa nyimbo, nikamtajia mistari yote miwili, taratibu, kwa fahari, kama Skaidra alivyonitajia mezani. Akasema, "Mm." Hakusema tena mpaka Madona.

Ulimi hauna mfupa. Nilipomwambia Herta kwamba sikusema kitu nilikuwa naamini. Kumbukumbu hii ilikuwepo miaka yote na sikuwahi kuwa na sababu ya kuitazama. Sudmalis alinishika mkono kila asubuhi pale kituoni.

Julai 14
Sina cha kuandika.

Julai 15
Nilifika mpaka daraja la kinu nikarudi.

Julai 16
Herta alikuwa anamenya njegere ngazini. Nilibaki nimesimama.

"Nilimwambia," nikasema. "Kwenye gari. Nilikuwa najisifu."

Njegere ziliendelea kudondoka bakulini, moja moja.

"Tulijua," akasema.

"Skaidra je?"

"Alikuja hapa juma lilelile. Alisimama hapo ulipo. Akasema, 'Herta, ni Arvils, lakini hakufanya kwa ubaya, anapenda kunisifu. Maneno nilimpa mimi mwenyewe mezani. Msimwambie, hatakula tena. Nami nitaishi naye.' Akaniomba nimsamehe yeye." Herta alifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena. "Nikamfungia mlango. Nilidhani atagonga siku nyingine. Pengine naye alidhani nitafungua. Siku ya mazishi nilivaa nguo nyeusi, nikafika mpaka geti la makaburi, nikashindwa kuingia. Kwa hiyo usisimame hapo ukilia peke yako kana kwamba kosa ni lako tu, Arvils."

Aliniita jina langu. Aliingia ndani akatoka na daftari la buluu, na chai.

Tulikaa mpaka mvua ikapita. Nilikuwa nimemchukia bure kwa miaka mingi kiasi hicho, na leo ndiye mtu pekee ninayeweza kukaa naye.

Julai 24
Nimeimba.

Ilikuwa chumba cha muziki cha shule, saa nne asubuhi, Madara kwenye piano na penseli mdomoni. Nilimwomba ageukie ukuta. Nikaanza, nikaacha, nikaanza tena. Ilitoka mbovu, imepinda, lakini njia yenyewe naijua kuliko njia ya kwenda kisimani. Aliandika. Kila baada ya mstari alisema, "Endelea, mzee," na penseli inakimbia.

Kwenye ubeti wa pili nikanyamaza.

"Umesahau?" akauliza.

"Hapana. Hapa alikuwa ananyamaza."

"Kwa muda gani?"

Nikamwonyesha. Nikainua mkono kama kisu, nikangoja muda uleule, kisha nikaendelea. Madara akageuka, akafungua daftari la Herta na yale ya Ludis, akaweka kidole, akahesabu. Akahesabu tena.

"Vipimo vinne vya mapigo," akasema. "Ni sawasawa kabisa. Hapa soprano wanaimba peke yao, kisha teno, na alto inangoja. Mama Skaidra alikuwa anahesabu."

Nilikwenda kusimama dirishani. Kumbe hakuwa amenikasirikia. Alikuwa anawasikiliza wenzake, anawaachia nafasi yao, kisha anaingia. Miaka arobaini na miwili aliimba na watu kumi na saba ambao mimi niliwaondoa, nami nilikuwa kila mara nikiuliza una nini, nikimpotezea hesabu. Nililia kwa sauti, na Madara, Mungu ambariki, alipiga piano kwa nguvu ili asinisikie.

Julai 30
Benita ameongeza wimbo wa kumi kwenye orodha. Nikamtaka aandike pia jinsi ulivyopotea, na jina langu.

"Mzee wangu, watu wa hapa hawasahau. Niandike hivyohivyo?"

"Hivyohivyo."

Agosti 3
Karatasi iko mlangoni mwa maktaba. Dukani leo msichana alinihudumia bila kuniangalia. Ludis alipita kwenye uzio, akaona nipo, akaendelea.

Agosti 6
Ludis hakuja. Nimevuna vitunguu.

Agosti 9
Ludis hakuja. Nimesikia yuko kwenye mazoezi, anawafundisha besi wa sasa. Nimefurahi, hata kama hajaniambia yeye.

Agosti 13
Nimekwenda kupanga kaburi. Nimesawazisha mchanga kwa reki, nikirudi kinyumenyume kama inavyotakiwa, nisiache nyayo. Jiwe limefunikwa shuka. Hali ya hewa inatulia.

Agosti 14
Jua tangu asubuhi. Parokia nzima ilikuja na maua na viti vyao. Watu walikaa kila familia kwenye benchi la wafu wake, na benchi letu lina nafasi ya wanne. Nilikaa mwisho mmoja. Waliopita walisalimia jiwe, hawakunisalimia. Sikuwalaumu, Sudmalis amelala mistari mitatu kutoka hapo, na mwanawe alikuwepo.

Herta alichelewa. Alipita geti akiwa na fimbo na nguo nyeusi, akaja moja kwa moja, akakaa katikati ya benchi kana kwamba ni lake. "Sogea," akaniambia, ingawa nafasi ilikuwepo.

Mchungaji alisoma majina ya waliokufa tangu mwaka jana. La Skaidra lilikuwa la nne. Nikavuta shuka. Kwaya ikaimba nyimbo za Rudzroga, zile zinazojulikana, na mwisho Madara akasema jina la Sudmalis na jina la wimbo, akainua mikono.

Besi walianza chini, nikamtambua Ludis ndani yao. Soprano wakaingia. Niliinama, nikafumba macho, nikamngoja. Nilijua nota ya kwanza ya alto kama ninavyojua kikohozi chake, na nilijua mahali inapoingia. Pakafika, pakapita. Nikatega sikio tena mstari wa pili, tena ubeti wa pili baada ya vile vipimo vinne. Sikumpata. Wanawake wanne walikuwa wanaiimba, niliona midomo yao, lakini sauti haikutengana na nyingine. Kulikuwa na wimbo mmoja tu, mkubwa, wala sijawahi kusikia kitu kizuri kuliko hicho.

Herta alikuwa ameshika mkono wa koti langu. "Unamsikia?" akanong'ona.

"Hapana."

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema. "Alto akisikika peke yake, amekosea."

Mwana wa Sudmalis alipita mbele yetu wakati wa kutoka. Alisimama. Sikujua nisimame au nikae. Alitazama jiwe, akaweka ua moja la dalia, akaenda zake. Lilikuwa la Skaidra, nami nimeshukuru.

Agosti 18
Nimechimba viazi vya kwanza. Nilipokuwa navimenya nilijaribu kuimba polepole kama alivyokuwa akiimba, maana sasa siogopi. Sikufika mbali. Mstari wa pili tu besi ikaingia kichwani, kisha soprano ikapanda kwenye theluji. Nikaanza upya mara tatu, nikabadilisha hata kiti, na kila mara wamekuja wote. Siwezi tena kumsikia peke yake.

Nilikuwa naye jikoni humu peke yangu miaka yote hiyo kwa sababu ya kosa langu. Sasa wenzake wamemchukua, na ni haki yao.